Sura ya Sita: Mdomo Mpana, Mwale Mwembamba

Paa la makuti likianza kuchakaa, wa kwanza kujua ni jua. Jikoni kwa bibi yangu palikuwa na tundu lisilozidi punje ya kunde, juu kidogo ya mafiga. Asubuhi kuni zikichochewa na moshi ukapanda, lile tundu liliteremsha fimbo: nyeupe, imenyooka, imeegemea kutoka paani hadi ubavuni mwa kinu. Sisi watoto tulikuwa tukiikata kwa viganja na kugombana nani kaivunja. Moshi ukiisha, fimbo inayeyuka, na sakafuni kinabaki kiduara cha mwanga kama shilingi iliyomdondoka mtu.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba kile kiduara hakikuwa sura ya tundu. Tundu lingekuwa na pembe tatu, kiduara kingebaki duara vilevile, maana kilikuwa picha ya jua lenyewe. Upana wa jua ni takriban kilomita milioni 1.4, lakini liko umbali wa kilomita milioni 150, kwa hiyo jikoni kwa bibi lilionekana dogo: nusu nyuzi tu ya pembe. Ndiyo sababu fimbo ile haikunenepa. Kwa kila mita 3 ilizosafiri, iliongezeka unene kwa chini ya sentimita 3. Fundi taa anayehangaika kutafuta mwale mwembamba anahangaikia alichokuwa nacho bibi bure: chanzo kinachoonekana kidogo, na moshi wa kuuonyesha mwale wenyewe.

Mimi sikuanzia hapo. Nilianzia kwenye wati, kama wengi. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii, mcheza ngoma mmoja aliniita kwenye ukumbi mdogo Dar es Salaam. Bomba la kufungia taa lilikuwa mita 5 kutoka sakafuni. Tukasimama chini yake.

"Kaka, nataka nguzo," akaniambia.

"Nguzo ya nini, dada?"

"Ya mwanga. Nisimame ndani yake kama niko kisimani. Nikitoa mkono nje, mkono upotee."

Nikaenda kukodi taa nne za PAR, yale makopo meusi unayoyaona kwenye kila jukwaa la muziki, kila moja wati 1,000. Nilijisemea kwamba nguzo inataka nguvu. Nikazifunga juu, nikazielekeza mahali pamoja, nikawasha. Ukumbi mzima ukawa mchana. Ungeweza kuanika mpunga. Yeye alisimama katikati, akanyoosha mikono, akaitazama ncha ya kila kidole, kisha akanigeukia taratibu. "Kaka, nimekuomba kisima, umenipa bwawa."

Wati hupima umeme unaoingia. Hazikuambii lolote kuhusu umbo la mwanga unaotoka. Hata hivyo, ukiingia Kariakoo kutafuta taa ya jukwaa, jambo la kwanza utakalotajiwa ni wati, la pili ni idadi ya rangi, la tatu ni bei. Muulize muuzaji mwale una nyuzi ngapi, huenda akakutazama kama uliyemuuliza kabila la balbu. Lakini swali ndilo hilo, na hesabu yake mtoto wa darasa la saba anaiweza. Chukua upana wa duara unalotaka sakafuni, ugawe kwa umbali kutoka kwenye taa, halafu zidisha kwa 57. Jibu ni nyuzi. Hesabu hii huanza kudanganya pembe ikizidi nyuzi 40 hivi, ila huko hatuendi.

Kisima cha yule dada kilihitaji upana wa mita 1.2 sakafuni. Gawa kwa 5, zidisha kwa 57: karibu nyuzi 14. Makopo yangu yalikuwa na balbu za aina ya CP62, ambazo kiini cha mwanga wake ni yai la nyuzi 11 kwa 24, na nje ya kiini hicho mwanga unaendelea kutambaa bila mpaka unaoeleweka. Yai, naam, si duara, kwa sababu ndani ya balbu waya unaowaka umelala kama kijiti, na umbo la mwanga linafuata kijiti. Balbu nyembamba ya ukoo huohuo, CP60, ni nyuzi 9 kwa 12. Kopo ni lilelile, wati ni zilezile 1,000, na kwa macho huzitofautishi mpaka usome maandishi au ukitazame kioo cha mbele. Ningejua kusoma maandishi yale siku ile nisingeaibika kiasi kile.

Kuna jambo lingine ambalo hesabu ya sakafuni inalificha. Mwale ni pia, si bomba. Duara la mita 1.2 sakafuni likipanda hadi usawa wa kichwa cha mtu mrefu, mita 1.7 juu, limebaki sentimita 80. Mtu akisimama wima amekaa vizuri. Akitandaza mikono, viganja viko gizani. Kwa mwimbaji huo ni msiba. Kwa dada yangu wa kisimani ndicho alichokuwa anakitaka. Kwa hiyo kabla ya kupima chochote, uliza mwili utafanya nini ndani ya mwanga.

Sasa, mwale mwembamba unapatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya paa la makuti: ziba kila kitu, acha tundu. Taa za profaili, zile zenye pua ndefu na duara lenye ukingo mkali, zina kifaa cha namna hiyo kiitwacho airisi, vipande vyembamba vya chuma vinavyojifunga taratibu kama mboni ya jicho juani. Inafanya kazi. Lakini bibi alikuwa hailipii nishati ya jua. Jukwaani, kila unachokiziba umeshakilipia, na chuma kinachokizuia kinapata moto.

Njia ya pili ni kukusanya. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye jambo ambalo lilinichukua miaka kulikubali.

Mwaka 1992 kampuni ya ETC ya Marekani ilitoa taa ya profaili inayoitwa Source Four, ambayo hadi leo iko katika kumbi nyingi duniani. Balbu yake ya kawaida ni wati 575. Mwili ni mmoja. Unachobadilisha ni pua, na pua zinatajwa kwa nyuzi: 50, 36, 26, 19, 14, 10, 5. Zipange mezani uzitazame. Pua ya nyuzi 26 ina mdomo ambao fremu yake ya rangi haizidi sentimita 16. Ya nyuzi 10 ni kama sentimita 30. Ya nyuzi 5, ile nyembamba kuliko zote, fremu yake ni karibu sentimita 36, ungepakulia pilau ya watu watatu. Mara ya kwanza nilipozishika nilidhani aliyezipanga amezichanganya. Akili inasema mwale mwembamba utoke kwenye mdomo mwembamba, kama maji kwenye mpira wa bustani. Mwanga si maji.

Fikiria umesimama karibu na jiko la mkaa. Unaliona pana, limejaa mbele yako. Rudi nyuma hatua kumi, limekuwa kidoadoa. Lenzi nayo inakitazama chanzo cha mwanga hivyohivyo, na upana wa mwale unaotoka ni ule upana ambao lenzi inakiona chanzo. Ukitaka mwale mwembamba, irudishe lenzi nyuma mpaka ione kidoadoa. Lakini ukishairudisha nyuma, mwanga mwingi unapita pembeni yake na kupotelea ndani ya pua. Ili iunase tena lazima uipanue. Ndipo mdomo unapokuwa sinia, na taa inapokuwa ndefu, nzito na ghali, na ndiyo sababu wenye kukodisha taa mjini hawapendi kuzinunua pua za nyuzi 5 na 10.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kutoka mita 10, pua ya nyuzi 26 inachora duara la mita 4.6, ya nyuzi 10 inachora la mita 1.75. Eneo la duara la kwanza ni karibu mara saba ya la pili. Ukitumia ya nyuzi 26 na kufunga airisi mpaka duara lilingane na la nyuzi 10, umetupa takriban sehemu sita za mwanga katika kila saba. Umeme wa wati 575, na mbele ya macho ya mtazamaji unafika mwanga wa balbu ya wati 80. Yule mwenye pua ya nyuzi 10 hajatupa kitu kwenye airisi.

Nitaje upesi jina moja linalowachanganya wanunuzi. Mfaransa Augustin Fresnel alibuni lenzi ya ngazi-ngazi kwa ajili ya minara ya kuongozea meli, na mwaka 1823 ikawekwa kwenye mnara wa Cordouan. Kule ilikuwa inatoa mwale wa kuonekana baharini mbali sana. Watu wanasikia hivyo, wanakuta taa ya jukwaani yenye jina lilelile, wananunua wakitarajia upanga. Wanapata blanketi. Taa ya Fresnel ya jukwaani imetengenezwa ilainishe mwanga, lenzi yake imekwaruzwa kwa nyuma makusudi. Ni taa nzuri sana kwa uso wa mzee anayesimulia hadithi. Kwa nguzo, iache.

Kuna wakati huna nafasi ya kurudisha lenzi nyuma wala fedha ya kuipanua. Hapo linabaki jambo moja: kipunguze chanzo chenyewe.

Waya wa balbu ndio chanzo, na urefu wake unategemea volti. Wati 250 kwenye umeme wa volti 230 ni ampea 1 na kidogo, hivyo waya ni mwembamba na mrefu, umekunjwakunjwa ili uenee ndani ya kioo. Wati zilezile 250 kwenye volti 28 ni karibu ampea 9. Waya sasa ni mfupi na mnene, unakaa mahali padogo, na bakuli la kioo nyuma yake linauona kama kidoadoa. Mwale unakuwa mwembamba bila kuongeza wati hata moja.

Kwa maoni yangu hakuna aliyelitumia jambo hili kwa akili kumzidi Josef Svoboda wa Prague (1920–2002), mbunifu wa jukwaa aliyesomea usanifu majengo. Mwaka 1967, mjini Wiesbaden, Ujerumani, alitengeneza jukwaa la opera ya Wagner iitwayo Tristan und Isolde, na ndani yake akasimamisha nguzo ya mwanga. Hakuipaka rangi kwenye pazia wala hakuichonga kwa plastiki. Alitumia taa za volti ndogo zenye miale myembamba, na hewani akapuliza ukungu wa matone madogo yenye chaji ya umeme, mwanga upate pa kushika. Nguzo ikawa kitu, ikawa na mwili, ijapokuwa mtu angeweza kuipita katikati. Safu ya taa inayobeba jina lake mpaka leo imefuata hesabu hiyohiyo: balbu 9 za volti 24, wati 250 kila moja, zimeungwa mfululizo kama shanga. Tisa mara 24 ni 216, karibu sawa na umeme wa volti 220 uliokuwa ukutani Ulaya. Hakuna transfoma. Zikipangwa kwa safu ndefu, miale inaungana kuwa pazia, na anayesimama nyuma ya pazia hilo haonekani vizuri.

Wapiga roki nao walifika mahali hapohapo kwa njia ya uwanja wa ndege. Taa za ndege za kutua zinatumia volti 28, kwa hiyo wakazichukua, wakaunga nane kwa mfululizo: nane mara 28 ni 224. Ile miale myeupe inayofunguka kama kipepeo nyuma ya mpiga ngoma katika video za matamasha ya zamani ndiyo hiyo. Shida ya mfululizo kila mtu aliyefunga taa za Krismasi anaijua: moja ikiungua, nane zote zinazimika, na yenye kosa haijionyeshi. Nakumbuka usiku mmoja niko juu ya ngazi na mita mkononi, napima moja baada ya nyingine, na mzee aliyenifundisha kazi ameshika ngazi chini. Nikamuuliza, "Mzee, kwa nini zote?" Akasema, "Hizo ni ukoo mmoja, mwanangu. Akifa mmoja, wote wanaweka matanga." Ilikuwa ya saba.

Mdogo wa ukoo huu ni taa inayoitwa pinspoti, ile inayopiga mpira wa vioo vidogovidogo kwenye disko. Balbu yake ya asili ni volti 6, wati 30. Thelathini tu. Lakini mwale wake ni kama nyuzi 5, na kwenye ukumbi wa harusi wenye giza la kiasi, ukiielekeza kwenye keki kutoka mita 6, keki peke yake ndiyo inawaka na meza inabaki gizani. Kwa mtu anayeanza na hana fedha, nitasema bila kusita kwamba nunua hizi nne kabla ya kununua kingine chochote.

Halafu ikaja cheche. Mwaka 2010 kampuni ya Italia, Clay Paky, ilitoa taa ya kichwa kinachozunguka iliyoitwa Sharpy. Ilikuwa na kilo 16, mtu mmoja anaibeba, na balbu yake ilikuwa ya wati 189. Hakuna waya ndani yake. Umeme unaruka kati ya ncha mbili zilizoachana kama milimita 1, na hiyo milimita ndiyo chanzo chote. Mwale wake hauzidi nyuzi 3.8 na unaweza kukazwa hadi pande zake zikawa karibu sambamba. Umbali wa mita 20, kwa takwimu za watengenezaji, inafikisha luksi 59,760. Haikuchukua muda viwanda vya China vikatoa ndugu zake kwa bei nafuu, na leo ukiona jukwaa la bongofleva lenye miti ya mwanga inayopepea angani, kuna uwezekano mkubwa ni hizo, zile zinazouzwa kwa majina ya 5R, 7R na kuendelea. Nyingi si mbaya. Kagua lenzi kama ni kioo, sikiliza feni, na omba uione ikiwa imewashwa kwa saa nzima, si dakika mbili za dukani.

Ila balbu ya cheche ina tabia ambayo katoni ya kuuzia haiitaji. Umeme ukikatika kidogo tu, hata kwa sekunde tano kabla jenereta haijashika, cheche inazimika, na haiwaki tena mpaka balbu ipoe. Unaweza kusubiri dakika kadhaa. Muziki unarudi, kipaza sauti kinarudi, taa za LED zinarudi, na miale yako bado imelala. Mahali ambapo umeme unayumba, kila ninapotumia taa hizi naziwekea jenereta tangu mwanzo wa onyesho, si kama akiba. Pia hazipungui mwanga kwa kupunguziwa umeme. Zinafunikwa kwa kifuniko cha ndani. Msanii akitaka mwanga ufifie polepole kama pumzi ya mwisho, balbu ya waya bado haina mpinzani.

Na LED? Zile za punje 54 zinazouzwa kila duka hazifai kwa kazi hii, hata kama zimeandikwa neno la kimombo la mwale kwenye boksi. Kila punje ina kilenzi chake, uso mzima wa taa unakuwa chanzo kipana, na kivuli cha mtu mmoja kinatoka vidole vingi. LED ya mwale halisi ina punje chache, ndogo, nyuma ya lenzi kubwa. Siku hizi kuna hata taa ambazo chanzo chake ni leza, kama Xtylos ya kampuni ileile ya Italia, iliyotangazwa 2019. Ni hadithi ya milimita moja imesogezwa mbele tena, na bei yake si ya mimi na wewe.

Tuje kwenye moshi. Mwaka 1870, London, mwanafizikia John Tyndall aliwaonyesha wasikilizaji wake jambo ambalo mpaka leo wateja wangu hawaliamini: mwale unaopita kwenye hewa safi kabisa hauonekani kwa pembeni. Unachokiona siku zote ni vumbi. Hewa ikisafishwa, mwale unageuka pengo jeusi, ijapokuwa mwanga bado unapita. Kwa hiyo anayekodi miale ya milioni kadhaa na kusahau mashine ya moshi amekodi madoa sakafuni.

Mashine nazo si sawa. Ile ya moshi mzito inatoa mawingu, yanafunika mwimbaji, yanaisha. Unayotaka ni ya ukungu mwepesi, ambao mtu akiingia ukumbini asiuone mpaka taa iwashwe. Uliza kwanza kuhusu king'ora cha moto. Hoteli moja, ambayo sitaitaja, ilinihakikishia mara mbili kwamba king'ora kimezimwa. Bibi harusi alikuwa katikati ya ukumbi kilipolia, na wageni mia tatu wakatoka nje na sahani zao. Kwenye majukwaa ya wazi ya pwani adui ni upepo. Pale Ngome Kongwe, Zanzibar, mwezi Februari wa tamasha la Sauti za Busara, kaskazi inakuwa bado inavuma, na kwenye uwanja wa namna hiyo ukungu unaopulizwa katikati ya jukwaa unaweza kuishia kwa majirani. Weka mashine upande upepo unakotoka, mbali kidogo, na uwe na ya pili upande wa pili, maana pepo za jioni zina hiana.

Kisha mahali pa kuitundika taa. Umewahi kusafiri kwa basi jioni kuelekea magharibi, jua likiwa mbele ya dereva? Kioo ambacho mchana kutwa kilikuwa safi ghafla kinajaa vumbi na mikwaruzo. Chembe ndogo hurusha mwanga zaidi kuelekea mbele, kule ulikokuwa unakwenda, kuliko kuurudisha ulikotoka. Basi mwale unaotoka nyuma ya jukwaa kuja upande wa watazamaji, juu ya vichwa vyao, unawaka kama chuma cha moto. Taa ileile ikiwekwa nyuma ya watazamaji ikaelekezwa jukwaani, mwale wake unaonekana kama utandu wa buibui. Nimeona watu wakinunua taa zenye nguvu maradufu kutibu ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa kuhamisha taa mita 8 nyuma. Macho ya watu lakini yaangalie: mwale wa cheche usitue usoni mwa mtu aliyekaa.

Rangi nina neno moja tu. Kuna karatasi ya rangi ya buluu nzito, namba 181 kwa watengenezaji wa Lee, inayoitwa Congo Blue. Aliyeipa jina hilo sijui alikuwa anaiwazia mito ipi ya Kongo. Inapendeza mno na inapitisha chini ya asilimia 2 ya mwanga. Ukiiweka mbele ya mwale wako, umefunga airisi bila kujua. Mwale mwembamba ni mweupe au mweupe-buluu, na nyuma yake pawe peusi.

Yule dada nilirudi kwake baada ya wiki mbili. Pua ya nyuzi 14 sikuipata mji mzima. Nilipata ya nyuzi 19, ambayo kutoka mita 5 inachora duara la mita 1.67; nikafunga airisi mpaka 1.2, nikapoteza karibu nusu ya mwanga, na ukumbi ulikuwa na giza la kutosha hata hasara hiyo isionekane. Taa moja, wati 575, wima juu ya utosi wake. Ukungu tuliuacha utulie dakika ishirini, feni zote zimezimwa. Nilipowasha hakusema kitu. Aliingia, akasimama, akatoa mkono wa kulia polepole nje ya ukingo, na mkono ukaondoka: kwanza kucha, kisha kiganja, kisha kiwiko. Akaurudisha, akaukagua kama anayehesabu vidole.

Jambo moja la mwisho, na nakuomba usilipuuze ukifunga miale kwenye uwanja wa wazi. Njia ambayo mwanga unatokea ndiyo njia ambayo jua linaingilia. Ule mdomo mpana ulioundwa kutoa mwale mwembamba unaweza kuukusanya mwale wa jua na kuushusha ndani ya taa, juu ya plastiki na sahani za rangi, na ukaunguza hata kama taa imezimwa na waya umechomolewa. Dar es Salaam jua la adhuhuri linapita utosini mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, hivyo taa iliyoachwa inatazama juu siku hizo ni kama imewekwa mezani kwa ajili yake. Ukimaliza mazoezi alfajiri, kabla hujaenda kulala, geuza midomo yote itazame chini, na zile ambazo shingo zake zimelegea zifunge kanga.